Kibao cha Nazi Uwanja wa Ndege

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka. Juzi binti yangu alijifungua Dar es Salaam, nami nikapanda ndege kwa mara ya kwanza niende nikamlee mzazi. Mkwe wangu alinionya kwa simu: "Mama, begi la mkononi usitie chochote chenye makali."

Nikatoa kisu, nikatoa wembe, hata sindano ya kushonea. Basi nikajiona mjuzi! Pale uwanjani Kilindoni nikamgeukia mzee tuliyekuwa naye kwenye foleni.

"Shikamoo, baba. Huna mkasi humo? Makali hawayataki hawa."

"Marahaba." Maskini akapekua begi lake, akatoa kimkasi chake cha ndevu, akampa mkewe aliyemsindikiza arudi nacho.

Begi langu likapita kwenye mashine. Askari wa kike akakunja uso. "Mama, humu mna nini?"

"Kanga za mjukuu," nikajibu kwa madaha.

Akafunua kanga ya kwanza, akafunua ya pili, akatoa kibao changu cha kukunia nazi, ulimi wa chuma umetoa meno. Jamani, kile nakikalia kila siku jikoni. Mimi nilikihesabu kiti!

"Huko wanapikia tui la pakiti," nikanong'ona. "Mzazi anataka tui la kukuna."

Askari akacheka. "Kitasafiri, mama, ila chini kwenye mizigo."

Nikashusha pumzi. Ndipo yule mzee akageuka, watu wote wakisikia:

"Mwanangu, kimkasi changu umekirudisha nyumbani. Hilo libao lako ulikuwa unakwenda kumkuna nalo rubani kama nazi?"