Sweta la Rangi Inayoruhusiwa

Mtu aliyekwisha kuponyoka anarudi jela kufanya nini? Swali hilo lilinisumbua majira yote ya baridi niliyoishi Kilburn na mwandishi wa habari kutoka Uturuki, mwanamke wa umri wa mama yangu, katika fleti iliyo juu ya duka la simu. Gazeti lake lilikuwa limefungwa, na kesi ilimsubiri Istanbul kwa sababu ya habari moja aliyoiandika. London hakuna aliyemgusa. Hata hivyo, alikwisha kukata tiketi.

Jumamosi ya mwisho tulikwenda kununua nguo. Nilimchagulia sweta zito la buluu iliyokoza. Akalirudisha.

"Hiyo rangi ya askari jela. Mfungwa haruhusiwi."

Nikamletea la kijani.

"Hiyo ya jeshi."

La kijivu lilikuwa na kofia. Akatikisa kichwa.

"Dada, hata bibi harusi hachagui hivi," nilimtania.

"Bibi harusi akikosea atarudi dukani," alisema, akacheka mpaka muuzaji akatugeukia.

Hatimaye tukapata la rangi ya nyanya. Akalijaribu juu ya koti lake, akaniuliza kama linamnenepesha. Nikasema ndiyo. Akalichukua.

Kwenye basi nikaanza tena. Nimesoma chuo kikuu, na sikujifunza kuacha imani ya mtu bila kuihoji. Alitaka kuwa shujaa? Aliwaamini mahakimu? Kwa nini asiandike akiwa hapa, ambako hakuna wa kumfutia sentensi?

"Naandika kila asubuhi," alisema. "Kisha nafuta mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Unauliza kama mhariri wangu. Mzee anatembelea fimbo, lakini kila Ijumaa ananipigia simu kutoka Istanbul kunigombeza. Naye hataki nirudi."

"Basi msikilize."

"Namsikiliza. Ana sauti nzuri."

Akavuta kichwa changu begani kwake, kama unavyomtuliza mtoto msumbufu mwenye usingizi.

Walimkamata uwanja wa ndege, kabla hajachukua begi. Nilimkasirikia kwa muda mrefu.

Miaka ilipita kabla sijakutana na sheria ya magazeti ya kwao, nikitafuta jambo jingine kabisa. Mwandishi akiwa nje ya nchi, mahali asipoweza kufikishwa mahakamani, anayeshtakiwa badala yake ni mhariri.