Nimegawa hisa, fomu inasema nimeuza

Hisa zangu zote za Nairobi nimewapa watoto yatima wa Gurei, huku ugenini kwetu! Zile binti yangu Njeri, yule wa benki, alininunulia.

Hamjambo lakini? Mimi nimejitia matatani.

Leo nimemwonyesha Okello, mhasibu wa kituo cha watoto hao, nakala ya fomu ya kuhamisha hisa. Nilitaka tu anisifu.

Akaweka kidole katikati ya fomu.

"Mama Njeri, hapa umeandika bei. Wewe iko nagawa ama iko nauza?"

Nagawa! Bei niliiweka kubwa ili ijulikane sikutoa kitu kidogo. (Si mnanijua.)

"Malesh, pole mama. Zawadi haina bei. Watu wa kodi Nairobi wakisoma hii watasema umeuza. Watakuuliza faida iko wapi, wakate kodi."

Fomu yenyewe ilishaondoka na ndege ya asubuhi kwenda Nairobi! Faida nitaitoa wapi, na sijapokea hata shilingi?

Njeri amewapigia simu wanaosajili hisa huko. Wataishikilia, mradi tupeleke barua ya mashahidi kwamba ni zawadi.

Barua nimeshaiandika.

Nyinyi mlionisikia nikijisifu kanisani, na mlikuwa wengi, njooni mtie sahihi. Hapo hapo kanisani Munuki, Jumamosi saa nne.