Saa ya Neoni ya Babu

Mlio ule ndio ulioanza. Nilikuwa nimempakata mwanangu katika mkahawa mpya wa Al Khoudh, huku Oman, namlisha aiskrimu, nikausikia juu ya kichwa changu: zzz, kama nyuki aliyefungiwa chupani. Nikatazama. Saa ya ukutani ya neoni, pete ya mwanga wa kijani imeizunguka, imetengenezwa juzi tu ionekane ya kale. Mtoto akacheka. Mimi hasira zikanipanda.

Ya kwetu ilikuwa ya kweli. Babu mzaa mama aliitundika dukani kwake Unguja, zawadi ya waliokuwa wakimletea soda: saa kubwa kama sinia la pilau, chupa ya soda ya machungwa imechorwa katikati, na mrija wa kioo uliopindwa duara ukiwaka kijani kwa mlio ule ule. Mama alipohamia Oman aliileta ndani ya godoro la pamba. Vikombe vilivunjika njiani, mrija ule mwembamba haukuvunjika. Kwa babake hakubakiwa na kitu kingine, hata picha. Baba akaitundika katika duka lake la vipuri vya magari, mtaa wa Wattaya, nasi tukikaa juu ya duka. Miaka ya tisini ile, nikitoka skuli, nilikuwa nikikaa chini yake nikinusa vumbi lililoungua kwa joto lake, limechanganyika na oili na ubani.

Siku moja akaingia Mzungu kutafuta kipuri cha gari lake. Akaiona. Kumbe kazi yake kukusanya saa za matangazo, kwao anazo ukuta mzima. Akaisifu, akaisifu tena, kahawa ikampolea mkononi. Baba hakujua Kiingereza hata neno; mimi nilikuwa na miaka kumi na moja na Kiingereza cha skuli, basi nikawa mkalimani, kifua mbele.

"Mwambie aichukue, yake," Baba akasema.

Nyinyi mliolelewa kama mimi mnajua. Mgeni akisifu kitu huambiwa hivyo, naye hujibu kikae kwa mwenyewe, Mungu akibariki, akamaliza kahawa akenda zake. Hachukui mtu! Lakini Mzungu alifasiriwa neno kwa neno. Akauliza, kweli? "Wallahi," Baba akasema. Nikafasiri mpaka kiapo. Mzungu akapanda kiti.

Ilipozimwa, mrija ukawa rangi ya maji ya kuoshea mchele. Magazeti ya kuifungia nilileta mwenyewe. Akanipa chokoleti, nikaila.

Adhuhuri Mama akashuka na chakula, akauona ukuta.

"Saa ya marehemu iko wapi?"

"Mgeni kaisifu."

"Na angenisifu mimi je? Ningekuwa nshafungwa magazeti?"

"Neno lishatoka, mke wangu. Sasa nilirambe?"

"Umetoa changu upate jina wewe. Nenda kairejeshe."

Alasiri Baba akavaa dishdasha safi, akafunga kilemba, akanichukua mpaka hoteli aliyofikia yule mtu. Mzungu akashuka mbio, akatuagizia juisi, akasema hajapata kuona watu wakarimu kama sisi. Nikafasiri. Baba akaizungusha bilauri mezani, akaizungusha tena. Mwisho akasema, "Muulize kama kioo kimefika salama."

Nikamuuliza. Kimefika salama. Tukarudi.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakumtazama Baba, alinitazama mimi.

"Na wewe ulimwambia nini?"

"Nilichoambiwa, Mama."

"Haya," akasema, akenda kukaanga samaki.

Hakuitaja tena mpaka anakufa. Aliishi na Baba, akampikia, akamuuguza, na msumari ukabaki ukutani hauna kitu. Wazee walikuwa wakisema mjumbe hauawi. Kweli, hauawi. Huachwa aishi na neno alilolipeleka.

Nna hasira na Baba, huko huko kaburini aliko. Nna hasira na Mzungu yule, ijapokuwa hakuiba. Lakini nilipopata mtoto wangu, nikaona anavyosema mbele za watu kila lisilosemwa, ndipo nilipoifahamu siku ile. Pale hotelini mapokezi palikuwa na vijana wa kazi wanaojua Kiingereza na Kiarabu kunishinda mimi. Baba hakuhitaji mkalimani. Alichukua mtoto, kwa sababu mtoto huropoka. Ningesema tu, "Mamaangu analia, turudishie," Mzungu angeileta, na Baba asingefahamu hata neno moja la kumtia aibu. Alikuwa ananingoja niropoke, akizungusha bilauri ile, na mimi nilikuwa nimelelewa vizuri mno.