Kompyuta ya Marehemu Syombua

Aibu hii nimeibeba miaka mingi, hata mke wangu nilimficha mpaka juzi, lakini acheni niwaambie, kwa sababu wengi mlisikia nusu yake mkacheka, na ile nusu nyingine haichekeshi.

Miaka ya tisini nilikuwa karani wa kanisa letu dogo pale mtaa wa Komarock. Nilichukua nafasi ya dada mmoja, Syombua, aliyefariki ghafla miezi mitatu kabla (nikakalia kiti chake, nikanywea kikombe chake, nikaachiwa na kompyuta ambayo ni yeye tu aliyeizoea). Ilikuwa msaada kutoka Ujerumani. Pasta aliniagiza niifunge kwa neno la siri kila nikitoka, maana mle mlikuwa na barua za watu na shida zao.

Basi naifunga, naenda chai, nikirudi inakataa neno langu la siri mara tatu, mara nne, na ikikubali (niligundua inakubali nikibonyeza y mahali pa z) naandika "mzee" inatoka "myee". Naingia kwenye setingi za kibodi, narudisha Kiingereza, inatulia. Naifunga tena, narudi, imegeuka. Mchana mweupe, ofisi kimya, ufunguo wa mlango niko nao mfukoni, na bado ni kama mtu amekaa pale akaigusa. 

Ningemwita fundi siku hiyo yangeishia hapo. Lakini niliogopa pasta ataona sijui kazi, nikamwuliza Mama Njeri, aliyekuwa akifagia kanisa, kama amewahi kuona jambo la ajabu mle ndani. Akasimamisha ufagio. Akasema Syombua hakupenda mtu aguse mashine yake, akaendelea kufagia. Nami (mdomo wangu huu) nikajibu kwamba inaonekana bado hapendi.

Jumapili tangazo langu likasomwa mbele ya kanisa zima likiwa na "Bwana Zesu". Wengine waliguna, ila akina mama wa maombi, Mama Njeri akiwa mmoja wao, hawakuguna, walitazamana.

Jumatano saa sita walijaa ofisini, mikono juu ya kompyuta, na katikati yao ameketi mama mzazi wa Syombua, ametoka Machakos na basi la asubuhi kwa sababu ameambiwa binti yake anaandika. Nilitaka kumwambia ule ulikuwa mzaha, nikaishia kumsalimia. Alinishika kiganja kwa mkono wa baridi.

"Mwanangu, andika jina lake. Tuone kama ataitika."

Nikaandika. Kwenye kioo ikatokea Szombua.

Mama yule aliinama akaligusa jina kwa kidole. "Alipokuwa mdogo, ulimi haujakomaa," akasema polepole, "hivyo ndivyo alivyojiita."

Hata maombi yalikatika. Nilisikia mashine ikivuma, na kusema kweli saa ile niliamini.

Ndipo akaingia pasta na fundi kutoka mtaa wa Tassia, aliyeitwa na pasta kwa sababu ya lile tangazo. Fundi alipenya katikati ya akina mama, akabonyeza hapa na pale, akaeleza mbele ya wote kwamba mashine ilitoka kwao na mpangilio wa herufi wa Kijerumani, ambamo y na z zimebadilishana nafasi, ingawa kibodi iliyochomekwa ilikuwa ya Kiingereza, na kwamba nilichokuwa nikirekebisha kilidumu nikiwa ndani tu, nikiifunga inarudia ule wa asili. Syombua aliizoea hivyo hivyo.

"Hakuna mtu humu, karani," akaniambia. "Ni setingi. Dakika mbili namaliza."

Mmoja alicheka, wengine wakachukua mikoba yao bila kunitazama. Pasta aliwashikia mlango, na afadhali angenigombeza.

"Usiitengeneze leo," mama yule akamwambia fundi. "Niache nikae nayo kidogo."

Tukatoka. Nilibaki nje ya mlango nikimsikia akiongea Kikamba kwa sauti ya chini, ananyamaza, anaongea tena, kama mtu anayejibiwa. Alipotoka nilimwomba msamaha, naye akanishukuru. Angenitukana ningelala usingizi.

Kesho yake fundi aliirekebisha na haikugeuka tena. Mimi siku hizi mashine ikinisumbua naita fundi hata nionekane mjinga, na marehemu wa mtu simtii mdomoni kamwe.