Mechi Nne za Kocha Lyle

Saa kumi na mbili asubuhi, theluji ikiwa imefika magotini, Verna Oelke anafungua ukumbi wa michezo wa Chuo cha Tolley Creek, Minnesota, na kuanza na kazi ambayo hakuna aliyemtuma: kufuta vumbi picha za makocha wakuu wa mpira wa kikapu.

Ziko nane ukutani. Verna, mwenye umri wa miaka 71, amewafagilia ukumbi sita kati ya makocha hao, kwa ujira ambao leo ni dola 15 kwa saa.

"Huyu alikuwa na mdomo mchafu," anasema, akimpangusa wa tatu. "Na yule wa mwisho kule walimfukuza wiki ya Krismasi. Mimi ndiye niliyebandua jina lake mlangoni."

Mbele ya picha ya tano, ya Gus Brandvold, mkono wake unasita. Chini pameandikwa: ameshinda mechi 200.

Si kweli, na aliyeandika ni Verna mwenyewe.

Januari 1987 Brandvold alianguka mazoezini akafa, akiwa ameshinda mechi 196. Msaidizi wake, Lyle Hemmer, aliiongoza timu katika mechi tisa zilizobaki, akashinda nne. Mbali na kufagia, Verna ndiye aliyeshika daftari la matokeo ya mechi. Siku ya mwisho Lyle alimfuata mezani, macho mekundu.

"Verna, ziandike zote kwa Gus. Zifike mia mbili."

"Na wewe je?"

"Mimi bado kijana bwana. Zangu zitakuja."

Hazikuja. Chuo kiliajiri mtu wa nje, Lyle akaishia kufundisha hesabu sekondari. Jina lake halikuwa daftarini, kwa hiyo halikufika ukutani.

Sasa ana miaka 74, yuko katika nyumba ya wazee, na kumbukumbu zinamponyoka. Swali moja tu halimtoki: "Hivi niliwahi kuwa kocha mkuu, au nilitamani tu?"

"Inaniuma," anasema Verna, na hafichi machozi. "Mkono wangu ndio uliomfuta."

Jumamosi hii timu inacheza mechi yake ya mwisho kabisa. Wanafunzi wamebaki wachache, chuo kinaivunja. Ofisi ya chuo ilikubali ombi la Verna la kusahihisha daftari, kwa sharti kwamba mjane wa Brandvold aridhie mumewe kupunguziwa mechi hizo nne.

Wiki tatu Verna aliipita nyumba ya mjane huyo bila kuthubutu kugonga. Jumanne akagonga. Inga Brandvold, mwenye miaka 93, alimsikiliza mpaka kahawa ikapoa.

"Nilijua siku zote," alisema. "Kuhesabu naweza, Verna. Ila mia mbili ilikaa vizuri kwenye jiwe la kaburi, nikanyamaza."

"Na hilo jiwe, mama?"

"Liache. Gus halisomi. Huyo mwenye macho, mpe chake."

Jana Verna alimpelekea Lyle picha yake ya mwaka ule, ikiwa ndani ya fremu. Mzee aliisogeza karibu na macho.

"Nani huyu?"

"Kocha mkuu wetu wa sita."

"Alishinda?"

"Mara nne. Na wachezaji walikuwa msibani."

"Basi alijitahidi," Lyle alisema, akamrudishia.

Msumari Verna ameshaupigilia, kati ya picha ya wa tano na ya aliyemfuata. Jumamosi atamleta Lyle na kumketisha kwenye kiti cha kwanza cha benchi, kile cha kocha mkuu.

"Asiponijua, basi," anasema, akikunja kitambaa chake cha vumbi. "Lakini akiuliza tena, nitakuwa na mahali pa kumwonyesha."