Maji Juu ya Mawe ya Dhahabu

Ukitaka kumkasirisha Evodia, mwambie vumbi ni sehemu ya kazi. Atakutazama kuanzia unyayo mpaka utosi, kisha atakuonyesha mdogo wake Lea, anayeponda mawe ya dhahabu kwa nyundo huku akikohoa, pale machimboni karibu na Ulemo. Daktari alishasema kwamba vumbi lile likiendelea, mapafu ya Lea yatakwisha. Lakini Lea ana watoto na hana shamba. Aende wapi?

Kabla ya kuja kuponda mawe hapo, Evodia aliwahi kuponda kokoto za ujenzi zilizomwagiwa maji, wala hazikutimua vumbi. Shida ilikuwa wachimbaji na miiko yao. Jiwe la dhahabu likilowa kabla ya kupondwa, walisema, dhahabu inakimbia. Inakimbilia wapi, hakuna aliyejua, na kuuliza ilikuwa kosa.

Yeye akauliza. Akamfuata Mselemu, mwenye shimo.

"Shikamoo, mzee. Naomba tuloweshe mawe."

"Marahaba. Unataka kunifilisi, mama?"

"Tugawe mawe ya shimo moja, sawa kwa sawa. Nusu yapondwe makavu. Nusu niyaloweshe, niponde, niyaanike, ndipo yasagwe. Dhahabu ikipungua kwangu, nabeba nyundo yangu naondoka."

Lea, aliyekuwa amemfuata nyuma, akamvuta khanga. "Dada, una wazimu? Tutakula nini?"

"Na wewe ukifa, watoto watakula nini?"

Mselemu akakubali wajaribu. Siku ya kuosha unga wa mawe, machimbo mazima yalijaa pembeni ya karai. Fungu kavu likaoshwa kwanza, dhahabu ikaonekana, watu wakaguna kwa kuridhika. Likaja fungu la Evodia. Karai likazungushwa, tope tu. Likazungushwa tena, tope. Mtu akacheka. Evodia akainamia karai, na hakujali nani anamwona.

Kisha njano ikajitokeza chini ya karai, ukingo hadi ukingo.

Mselemu aliipima mara mbili, maana macho yake yaligoma kuamini. Mzani ulisema yaleyale: sawa na fungu kavu. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka wenye mashine wakazima injini waje kuona kuna nini.

"Kuanzia kesho," Mselemu alisema, akikwepa macho ya watu, "anayeponda jiwe kavu asije kwangu."

Asubuhi ile ya kwanza maji yalimwagwa, nyundo zikaanza kulia, na hewa ikabaki safi. Kifua cha Lea bado kilikuwa kibovu, lakini alivuta pumzi ndefu, akaitoa, akavuta nyingine.

"Dada," alisema, "haiumi."

Evodia akaangua kilio cha furaha mbele ya kila mtu.