Ngoma ya Chumba cha Magoti

Ngoma ilikuwa mikononi mwangu. Mi naanza na hilo, mtu asinitafutie udhuru.

Miaka ile ya Zaïre mdogo wangu alikuwa winga wa timu ya kampuni, hapa Kolwezi. Kamba ya ndani ya goti ikamkatikia uwanjani, daktari wa hospitali ya mgodi akampasua, akaishona. Mi nilikuwa nimepasuliwa kabla yake, ila kwangu mpira ulikwisha zamani. Nilitaka tu kupanda ngazi bila kulia. Yeye alitaka kurudi uwanjani, na alikuwa na haki. Mchezaji alipewa kazi ya ofisini, kivulini. Asiyecheza alirudishwa kwenye shimo, na goti lile lisingeweza shimo.

Tulikuwa sita katika chumba cha mazoezi. Aliyetufundisha alikuwa Mukasai, mtu wa Kasai, mpole mwenye kaptula nyeupe, sisi tulimwita tata kine, yaani baba wa kunyoosha viungo. Alitukataza kuhesabu kwa mdomo. "Mukihesabu, munakimbilia mwisho," alisema. Badala yake akanipa ngoma. Pigo moja, wote tunakunja goti. Pigo la pili, tunanyoosha. Mwenye nguvu na mwenye maumivu walikwenda pamoja, kwa mwendo wa yule mwenye maumivu.

"Goti haiko mbuzi ya kuchunga na fimbo," tata kine alipenda kusema. Tulimwiga, tukamcheka, lakini tulimtii. Mdogo wangu akaanza kuchuchumaa, halafu kukimbia kidogo kando ya ukuta. Kuruka bado. Kuruka aliambiwa angoje miezi mitatu mingine.

Basi wakaja wageni, wakubwa wa chama na wa kampuni. Desturi ya wakati ule, kila mahali pa kazi lazima paimbe na kucheza animasyo, ngoma za kusifu chama, mbele ya wakubwa, hata sisi wa mikongojo. Tata kine akatupanga kwenye viti. "Batu ba magoti banaimba na mikono tu. Hakuna mwenye kusimama." Kisha akaniangalia mimi. "Na weye, usikimbize ngoma."

Nilianza vizuri. Halafu nikamwona kocha wa timu amesimama mlangoni, nyuma ya wageni. Wiki ile alikuwa anachagua wachezaji wa msimu. Mdogo wangu naye alimwona. Akasimama.

Haki ya Mungu, ningeshusha mikono, angekaa. Nani anacheza animasyo bila ngoma? Lakini nilijivuna, mjinga mimi. Nikasema moyoni: acha kocha aone, mtoto wa mama yangu amepona. Nikakaza ngoma. Akacheza kwa kiuno na mabega, mama wauguzi wakapiga vigelegele, wakubwa makofi. Nikakaza tena. Akaruka.

Sikusikia kitu, ngoma ilikuwa na kelele mno. Nilimwona tu amekaa chini, ameshika goti kwa mikono miwili, na mi bado napiga. Tata kine njo yeye alikuja kunishika mikono.

Daktari alisema hakuna tena cha kushona. Msimu ukaanza bila yeye, kiti chake cha ofisini kikapewa mwingine, halafu kampuni ikamtoa kabisa. Akaishia sokoni, anauza mawese kwa chupa, mguu umenyooka mbele yake kwenye kigoda.

Hakunigombeza hata siku moja. Afadhali angenitukana! Majuto ni mjukuu, watu wanasema. Huyu wangu amezeeka pamoja nami. Tangu siku ile sijagusa ngoma, hata kwa harusi ya binti yangu.

Miaka ilipita ndipo nikapata mdomo wa kumwomba msamaha. Tulikuwa tumekaa mlangoni kwake, mtaa wa Musonoi. Nilimwambia yote, kocha, kiburi changu, namna nilivyokaza. Alinisikiliza, anapapasa goti lile.

"Yaya, mukubwa wangu, uache," alisema. "Ile siku ulipiga muzuri. Ile njo ilikuwa mara ya mwisho niliruka."